Mikono ya Madam wa Mbwa

Madam wa mbwa hakuwa na mbwa nyumbani kwake. Alifuga bata, na bata wenyewe walikuwa wakimkimbiza kutoka langoni hadi mlangoni kila alipotoka kazini. Mwanamke aliyekuwa tayari kuingia peke yake na mbwa mmoja ndani ya behewa lililokimbiwa na watu wote kwa sababu ya mkoba uliosahauliwa, jioni alipandisha sketi akatimua mbio kwa kuwaogopa bata. Nilipohamishiwa Ruiru hicho ndicho kisa cha kwanza nilichosimuliwa juu yake, na aliyenisimulia, konstebo mwenzangu Wanjohi, alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Alizaliwa wapi na kwa akina nani, sijui, na sikuwahi kuuliza. Kwangu mimi alianzia pale kwenye lango la mabanda yetu nyuma ya stesheni ya Ruiru, amesimama mikono nyuma, buti zinang'aa, akinitazama vidole badala ya uso.

"Unavuta sigara?"

"Hapana, Madam."

"Umejipaka manukato."

"Kidogo tu, Madam."

"Hapa tuko na pua tatu za kufanya kazi, na yako si moja yao. Enda uoge, ukirudi uniambie jina lako."

Nikaenda nikaoga. Niliporudi hakuniuliza jina. Alinikabidhi kamba, na mwisho wa kamba hiyo alikuwepo Njugu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mbwa wetu wamefundishwa harufu ya vilipuzi, basi. Asubuhi kabla treni ya Thika haijaanza kupakia, na mchana kwenye steji za magari, tunawapitisha kwenye mizigo ya abiria. Mbwa akiipata ile harufu habweki, hakwaruzi, harukii mtu. Anakaa. Anakaa chini, anakutazama, anangoja mpira wake, kwa maana mpira ndio zawadi anayoijua. Na mbwa akikaa, kila kitu kinasimama: watu wanaondolewa, treni haiendi popote, wataalamu wa mabomu wanaitwa. Kwa hiyo kuna makosa mawili ya kuogopa. La kwanza ni mbwa kukaa pasipo kitu, na hilo linachelewesha watu kazini. La pili ni mbwa kupita penye kitu. Hilo la pili Madam hakupenda kulitaja. Alikuwa akisema tu "lile lingine", na sote tulielewa.

Tulikuwa na mbwa watatu. Malkia alikuwa mwembamba na mwenye maringo, na hakutembea kwenye matope kama kuna njia kavu. Tosha alikuwa wa Wanjohi, mkubwa, mwenye tumbo lisilosikia neno. Njugu alikuwa Labrador wa rangi ya karanga zilizokaangwa, na alikuwa na tabia ya kukuegemea mguuni mnaposimama, hadi mguu ufe ganzi. Nilimpenda tangu siku ya kwanza na sioni haya kusema hivyo.

Madam alikuwa na sheria nyingi, lakini iliyosimama juu ya zote ilikuwa ya mkanda. Mbwa akivishwa mkanda wake kifuani, yuko kazini, na hakuna kumpapasa, kumwita majina wala kucheka naye. Mkanda ukivuliwa, yuko nyumbani. Kila jioni tulipowavua mikanda, Madam alipindua ndoo uani, akaikalia, akawaita kwa Kikuyu. "Ũka, baba. Ũka, maitũ." Njoo baba, njoo mama, kama watu wanavyowaita watoto wao. Na mbwa wote watatu walimvamia hadi kofia ya serikali ikaanguka, naye akawa anawasemesha maneno ambayo sisi wengine hatukuruhusiwa kuyasikia. Kesho yake asubuhi, mikanda ikiwa vifuani, aliwapita pale uani kana kwamba hawajuani.

Shule yake ilikuwa Kamakis. Jumamosi alasiri, wakati mkaa wote umewaka na mbuzi wananing'inia madirishani, alitupanga tupite mbele ya vibanda vya nyama choma mmoja mmoja. Alisema mbwa asiyegeuza kichwa Kamakis yuko tayari kwa treni. Tosha alianguka mtihani huo mara nyingi hadi wachoma nyama wakamjua kwa jina na kumpa pole. Siku Njugu alipopita bila hata sikio kutikisika, nilishikwa na furaha nikageuka kumwonyesha Wanjohi dole gumba. Bahati mbaya niligeukia upande ambao mbavu zilikuwa zikitolewa motoni, na macho yangu yakabaki huko.

"Njugu amepita," Madam akasema. "Wewe utarudia wiki ijayo."

Nilidhani ni mzaha. Wiki iliyofuata alinipitisha peke yangu, bila mbwa, mbele ya Kamakis nzima.

Watu wengi walidhani mbwa wa polisi anatafuta kila kitu kibaya duniani, na Madam hakuchoka kuwaelimisha. Siku moja tulikuwa steji ya Thika, kijana mmoja kutoka mtaa wa Kiandutu akatuona tukija, akadondosha begi lake katikati ya barabara na kukimbia hadi ng'ambo. Watu wakatawanyika, mayai ya kuchemsha yakamwagika. Nikamsogeza Njugu kwenye begi kama tulivyofundishwa, akalinusa juu hadi chini, kisha akaendelea na safari yake. Kumbe ni bangi.

"Wee kijana!" Madam akaita. "Rudi uchukue mzigo yako. Hawa mbwa wangu hawana haja na wewe."

"Si mtanishika, Madam?"

"Hawa ni wa bomu. Hiyo ingine ni kazi ya yule afande amesimama pale kwa mayai."

Kijana akamtazama yule askari, akalitazama begi, akamtazama Madam. "Basi iache tu, Madam," akasema. "Hata nilikuwa nimechoka nayo." Steji yote ikaangua kicheko, na yule askari wa mayai naye akacheka, ingawa alichukua begi.

Na usidhani alikuwa mtu wa kelele tu. Kulikuwa na mama mmoja wa buibui aliyeuza viungo sokoni Thika, na mbwa akimgusa kwa pua yenye maji alilazimika kwenda kujitakasa upya kabla ya kuswali. Alikuwa akitetemeka kila alipotuona. Baada ya kumwona hivyo, Madam alibadilisha utaratibu wote wa stesheni. Tangu siku hiyo abiria waliweka mizigo chini kwa mstari mmoja, wakarudi nyuma, na mbwa akapita kwenye mizigo bila kumkaribia mtu. Alimwambia, "Mama, weka kikapu hapo, wewe simama na mimi huku. Hakuna pua itakugusa." Wakasimama pamoja wakizungumzia bei ya iliki. Mstari ule wa mizigo upo hadi leo, na wengi hawajui ulianza kwa ajili ya mama mmoja.

Jumapili alikuwa akipanga watu vitini kanisani kwao, na waumini walimwogopa kuliko mchungaji. Aliyeacha mkoba kwenye njia ya kupitia alisikia mwenye mkoba akiulizwa kwa sauti kabla ya wimbo wa kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lililotuchanganya sote kumhusu, kwa maana huwezi kumweleza Madam ukaliruka. Alitufundisha kumwamini mbwa. "Legeza mkono," alituambia kila siku. "Huyu anasoma mkono wako vizuri kuliko wewe unavyosoma gazeti. Ukishuku mkoba, ukivuta kamba kidogo tu, atakaa ili akufurahishe. Mwachie, yeye ndiye anajua." Hayo yalikuwa ya mbwa. Binadamu hakumwamini hata mmoja. Ukifunga lango, alikwenda kulifungua na kulifunga tena. Ukiosha bakuli la maji, aliliosha upya mbele ya macho yako bila neno. Tulicheka, tukazoea.

Kwa hiyo mazoezi yote aliyaandaa mwenyewe. Kila mara ni yeye aliyetoa kopo la sampuli ya baruti kabatini, ni yeye aliyelifunga kitambaani, ni yeye aliyekwenda kulificha: chini ya kiti cha behewa, ndani ya gunia la viazi, nyuma ya tangi la maji. Wanjohi alijaribu kujitolea.

"Wewe utaweka vibaya," Madam akamwambia, "mbwa akose, halafu tumlaumu mbwa."

Na mbwa walipata. Walipata kila mara, haraka, mikia ikipepea, hadi wageni wakawa wanaletwa kututazama na kupiga makofi. Tulivimba vichwa, nakwambia. Nilikuwa nikipita Githurai 45 siku ya mapumziko, nikiona umati umejazana kwenye jukwaa la treni na mizigo yao ya nyanya na omena, nasema moyoni: hawa watu wako salama, mimi na Njugu tumehakikisha.

Kisha wakaja wakaguzi kutoka makao makuu kutupima. Mkuu wao alikuwa mzee mfupi, mpole, aliyevaa koti la mvua siku isiyo na wingu. Alikuja na sampuli zake mwenyewe na mtu wake wa kuzificha, akatuomba sote tungoje nje. Stesheni ikapangwa mizigo toka mwanzo wa jukwaa hadi mwisho. Madam, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na la kufanya, tulipoitwa ndani aliketi kwenye benchi la jukwaani akanywa chai, kisha akaambiwa akasimame kule mwisho karibu na bomba la maji. Akaenda, mikono nyuma, amejaa fahari.

Malkia ndiye aliyeanza, na konstebo wake. Akapita mizigo yote kwa maringo yake, hakukaa popote, kisha akafika kwenye benchi ambalo Madam alikuwa amelikalia. Akakaa. Mkaguzi akaandika kitu. Akaja Tosha na Wanjohi. Akapita mizigo yote, akafika kwenye benchi lile lile, akakaa. Nilimwona Wanjohi akilamba midomo iliyokauka.

Nikaingia na Njugu. Nililegeza mkono kama nilivyofundishwa, nikamwachia. Alinusa sanduku, akanusa gunia, akaupita mkoba wa bluu bila kusita. Baadaye niliambiwa kwamba mle kwenye mkoba wa bluu ndimo ilimokuwa sampuli. Akalipita benchi pia, maana alikuwa ameona kitu bora mbele. Akanivuta moja kwa moja hadi mwisho wa jukwaa, akakaa mbele ya buti za Madam, akamtazama, mkia ukifagia saruji.

Mkaguzi akaja polepole.

"Madam," akauliza kwa upole, "umebeba nini?"

Madam akamtazama Njugu. Kisha akatoa mikono nyuma, akaiangalia pande zote mbili.

"Nimebeba hii mikono," akasema. "Kila sampuli wamewahi kutafuta imepitia hapa. Hawa hawajui baruti, Afande. Wanajua baruti ambayo nimeishika mimi." Akaishusha. "Nimewafundisha kunitafuta."

Sijawahi kumwona mtu akijihukumu haraka namna ile, mbele ya wageni, bila kutafuta mahali pa kujifichia. Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Na hapo ndipo lile lingine likanijia akilini, kosa la pili lisilotajwa. Ni asubuhi ngapi tulikuwa tumewaambia watu wapande, kuko salama?

Uamuzi ulitolewa pale pale. Mbwa wetu waondolewe kwenye treni, wengine waletwe kutoka Nairobi kwa muda. Tungepimwa mara ya pili. Tukianguka tena, kikosi cha Ruiru kinavunjwa, sisi tunatawanywa, na mbwa wanapelekwa kulinda maghala hadi wazeeke. Njugu kulinda ghala! Mbwa anayeegemea kila mguu anaouona, angemwegemea mwizi vilevile.

Madam hakutupa nafasi ya kuomboleza. Asubuhi iliyofuata alikuwa amemwita kila mtu wa pale stesheni: mama wa chai, mfagiaji, mkata tiketi, mlinzi, hata yule mama wa viungo kutoka Thika. Kila mmoja akapewa glavu mpya na kopo la sampuli, akaambiwa aende alifiche anakotaka. Mama wa viungo alificha lake ndani ya mdalasini na kufurahi mno. Mbwa wakaanza kujifunza upya kwamba harufu ni ile ile, hata ikitoka kwa mkono wa yeyote.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine aliibeba yeye. Ilibidi mbwa wajue kwamba mikono ya Madam peke yake si kitu. Kwa hiyo alishika makopo matupu, akayaweka kati ya mizigo, na mwenyewe akasimama hapo hapo. Mbwa akikaa mbele yake, asipate mpira, asipate sauti, asipate hata jicho. Na Madam ageuze mgongo.

Siku ya kwanza Njugu alimkimbilia kwa furaha yote, akakaa. Madam akageuka. Njugu akazunguka hadi mbele yake, akakaa tena, pengine amedhani hakuonekana. Madam akageuka tena. Njugu akazunguka tena. Mwishowe akanitazama mimi, kana kwamba ninaweza kumweleza.

"Madam," nikasema, "mguse tu kichwa. Kidogo."

"Konstebo, kama unampenda huyu mbwa, mwondoe hapa."

Na hakuishia kwenye mkanda. Aliona hatari ya kuwachanganya, basi akafuta jioni zake pia. Ndoo ikarudishwa stoo. Akawa anaingia na kutoka kwa lango la nyuma ili mbwa wasimwone, na jioni mikanda ilipovuliwa, wote watatu walikwenda kusimama pale ndoo ilipokuwa ikiwekwa, wakangoja. Malkia ndiye aliyekata tamaa upesi. Njugu alichukua muda mrefu kuliko wote, na kila siku niliyomwona pale niliumia.

Kazi ikaendelea hivyo hadi ikafika siku moja tuko Ruiru, Madam amesimama kati ya mizigo na mgongo wake umekwisha kugeuzwa kabla hatujafika. Njugu akakaribia. Pua ikapunguza mwendo kwenye lile kopo tupu. Akasimama, mkia ukashuka kidogo, kisha akaendelea na mzigo uliofuata. Furaha niliyoipata ilinitoka kwa miguu, nilikanyaga chini mara mbili kama mtu anayesikia baridi.

"Amepita, Madam!"

Hakugeuka. Mabega yake yalipanda yakashuka.

"Rudia," akasema, na sauti haikuwa ile yake.

Siku ya mtihani wa pili tulifika hatujalala sawasawa. Mzee wa koti la mvua alificha sampuli yake ndani ya gunia la kabeji kwenye mkokoteni, katikati ya abiria halisi wa asubuhi, na akamtaka Madam aketi kwenye benchi lile lile. Malkia akalipita benchi, akakaa mbele ya gunia. Tosha, baada ya kuchungulia mandazi ya mtu, akakaa mbele ya gunia. Njugu akalifikia benchi. Akalipita. Akafika kwenye mkokoteni, pua ikaganda, akakaa chini, akanitazama. Nilirusha mpira juu hadi ukagonga paa la jukwaa. Wanjohi alimkumbatia mwenye kabeji ambaye hakuwa akijua kinachoendelea, na abiria wakapiga makofi kwa sababu tu wengine wanapiga. Mzee akasema, "Rudini kwa treni yenu," nasi tukapiga kelele hadi kondakta akachungulia dirishani.

Tulipomtafuta Madam tushangilie naye, alikuwa ametoka kwa lango la nyuma.

Tulidhani sasa ndoo itarudi. Haikurudi. Wanjohi alimwambia, "Madam, si imeisha?" Akajibu, "Kwenu imeisha." Aliogopa kwamba jioni moja tu ya ũka baba ingeweza kufungua mlango alioufunga kwa taabu, na kama kuna abiria mmoja mahali fulani angelipa kwa jioni hiyo, hakuitaka. Aliendelea kutuongoza vizuri, sasa hata lango alituachia tulifunge bila kulijaribu, na alicheka nasi kuliko zamani. Mbwa hakuwagusa tena. Siku ya kustaafu kwake, keki ilipokatwa uani, alipima upepo kwa kidole kilicholowa mate, akasimama upande ambao haupeleki harufu yake kwao, akawatazama kutoka mbali.

Hayo ni ya nyuma. Mwaka huu Njugu amekuwa na mvi mdomoni na hapandi tena ngazi za behewa bila kusaidiwa, kwa hiyo ikaamuliwa apumzishwe. Siku yake ya mwisho tulipangwa stesheni ya Thika, asubuhi, treni ya watu wa kazi. Mizigo ikawekwa kwa mstari, abiria wakarudi nyuma, tukaanza.

Tulikuwa katikati ya mstari nilipoona kiondo chenye majani ya nanasi yaliyochomoza, na mwenye kiondo alikuwa amekataa kurudi nyuma kama wengine. Nilitambua kwanza jinsi alivyosimama. Mikono nyuma. Kichwani alikuwa na kitambaa, alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa kwenye treni kama abiria yeyote anayechelewa.

Nilielewa mara moja kinachoweza kutokea. Njugu akikaa pale, itanibidi nisimamishe treni, niondoe watu, nimpekue Madam wangu mwenyewe hadi chini ya nanasi, na yote aliyojinyima yatakuwa bure. Kila kiungo changu kilitaka kumvuta mbwa apite haraka. Lakini huo ungekuwa uongo wa mkono, na aliyenifundisha hivyo alikuwa amesimama mbele yangu. Nikalegeza kamba hadi ikagusa chini.

Njugu akaingiza pua kwenye kiondo. Akasimama. Pua ikatoka kiondoni, ikapanda hewani, ikaelekea kwake, na sikio moja likainuka. Madam hakutikisika. Kisha Njugu akashusha kichwa na kwenda kwenye mzigo uliofuata, sanduku la fundi bomba, akalinusa kwa makini yote ya kazi.

Nilimaliza mstari sijui vipi. Treni ikapakia, ikaondoka, na Madam akabaki jukwaani na kiondo chake.

"Madam, treni imekuacha."

"Sikuwa naenda mahali," akasema. "Nimeongea na mkubwa wenu. Huyu mzee akimaliza leo anakuja kukaa kwangu. Bata watamkoma." Akatazama reli. "Lakini nilitaka anipite kwanza."

"Na kama angekaa?"

"Ningerudi kwa bata peke yangu, na wewe ungerudi Kamakis."

Nilicheka, na nilikuwa nalia pia, sitaki kuficha. Yeye hakucheka. Alikuwa akiutazama mkanda kifuani mwa Njugu.

"Mvue," akasema.

Nikafungua kifungo, nikautoa mkanda kwa mara ya mwisho. Njugu akajikung'uta kuanzia masikio hadi mkia. Madam hakumwita, hakufanya ishara, alisimama tu na mikono yake nyuma. Njugu akainua pua mara moja, akageuka, akatembea kwa miguu yake mibovu hadi kwake, akakaa mbele ya viatu vyake. Akamtazama. Mkia ukaanza kufagia saruji.

Niliona bega la Madam likianza kugeuka lenyewe, kwa mazoea, kama siku zile. Likafika nusu, likasimama. Akarudi, akatoa mikono yote miwili nyuma, akachuchumaa taratibu.

"Ũka, baba," akasema, ingawa alikuwa amekwisha kufika.